Mbuni na Mgomba Katika Bustani Moja

Katika nchi ya milima ya Umatengo, na huku Mkumbi kadhalika, mashamba ni ya namna mbili. Yako mashamba ya ngoro, yaani yale mashimo yachimbwayo mteremkoni kwa safu, nyasi zikiwa zimelazwa kwanza kwa miraba na udongo kutiwa juu yake. Humo hupandwa maharage mwezi wa Machi, na mahindi msimu ufuatao. Tena iko bustani ya karibu na nyumba. Ngoro huchimbwa upya kila baada ya miaka miwili, na palipokuwa na tuta pakawa shimo, kwa hiyo mmea wa kudumu hauna makao humo. Mimea ya kudumu hukaa nyumbani, na miwili ndiyo inayogombea nafasi kuliko yote: mbuni, ndio mti wa kahawa, na mgomba.

Kijana aoapo na kupewa na baba yake kipande cha ardhi, mara nyingi haulizi sana. Hupanda mibuni mpaka karibu na mlango, kwa kuwa kahawa ni fedha, na migomba huachiwa ukingo wa mfereji au mahali pa kutupia taka. Twataka kuilinganisha mimea hii miwili, matunzo yake na faida zake, maana twaona ya kuwa desturi hiyo imewaingiza watu wengi katika njaa na deni, wala si kwa uvivu wao.

Asili ya mbuni ni misitu ya milima ya Ethiopia, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Katika Umatengo uliingia miaka ya 1920. Huo ni mti kweli, una gogo na matawi na mzizi mkuu ushukao chini. Hupenda ubaridi wa milimani, ndiyo sababu hustawi Mbinga; bali chini kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, huko Mbamba Bay na vijiji vyake, ambako nchi haizidi sana mita 500 juu ya bahari, joto huushinda. Asili ya mgomba ni nchi za Asia ya kusini-mashariki, nao ulifika Afrika zamani sana. Tena mgomba si mti, ingawa twauita hivyo. Lile tulionalo kuwa shina ni mapande ya majani yaliyokumbatiana. Shina lenyewe limo ardhini, nalo ndilo lidumulo. Mgomba huota milimani na ziwani pia, ila milimani hukawia zaidi.

Tofauti hii ya maumbile huzaa tofauti zote za matunzo. Mbuni hutunzwa juu, katika matawi; mgomba hutunzwa chini, katika machipukizi. Mtu autunzaye mgomba vema aweza kuwa mtunzaji mbaya wa mibuni, na kinyume chake, kwa sababu jicho lake limezoea kutazama upande mmoja.

Tuanze na mbuni. Mche huhamishwa kitaluni wakati wa mvua, nao huanza kuzaa mwaka wa tatu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: tawi la mbuni halizai sana mara mbili mahali pamoja. Kifundo kilichozaa mwaka huu kimemaliza kazi yake. Matunda ya mwakani hutokea mbele, kwenye sehemu changa iliyoota mwaka huu. Basi usipokata, matunda huzidi kwenda nchani, tawi hurefuka na kuwa kama fimbo tupu yenye kahawa chache mwishoni, na nguvu ya mti huliwa na kuni. Kwa hiyo baada ya mavuno, kabla ya mvua za Novemba, yapasa kuondoa matawi makavu, na yale yanayoingiliana ndani, na yale yagusayo chini, pamoja na machipukizi yote yasiyotakiwa. Jua kidogo lipite ndani ya mti.

Na mti ukiisha kuzaa miaka saba au minane na kuchoka, hukatwa wote. Watu huogopa neno hili kuliko neno lolote la kilimo cha kahawa. Mzee husema, Huu aliupanda baba yangu, nami niukate? Lakini ukikatwa kwa msumeno karibu na kimo cha goti, mkato ukiinama ili maji yasitulie juu yake, kisiki huchipua. Chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, yaliyo mbalimbali, uyang'oe mengine. Baada ya miaka miwili una mti mpya juu ya mizizi ya zamani. Usikate shamba zima mwaka mmoja. Kata robo yake kila mwaka, na nyumba haitakosa fedha. Mibuni mirefu ambayo mchumaji huihitajia ngazi ni msitu, si bustani.

Mbuni una adui wengi. Kuna chulebuni, uozao matunda yangali mabichi. Kuna kutu ya majani. Na kuna bungua, atobaye gogo na kuacha unga wa mti chini yake. Bungua hutafutwa kwa waya katika tundu lake. Kwa magonjwa yale mawili ya kwanza, dawa iliyo bora ni kupanda aina zisizougua upesi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2001, ina kituo chake Ugano, humu humu wilayani Mbinga, na aina zake mpya zastahimili chulebuni na kutu pia. Aliye na mibuni mizee inayougua kila mwaka na aende akaulize huko kabla ya kununua dawa tena.

Mgomba hautaki msumeno wala dawa nyingi, bali wataka samadi na jicho la kila mwezi. Kila shina huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Maisha ya mgomba yamo katika watoto wake. Asiyepunguza watoto hupata kichaka cha mashina kumi yenye mikungu kama ngumi. Kanuni ni kuacha watatu: mama aliye na mkungu, mtoto aliyefika kiunoni, na mjukuu anayechungulia. Wengine wote hukatwa chini kabisa na kiini chao kuharibiwa. Tena tazama majani ya chipukizi: lenye majani membamba kama upanga lina nguvu ya mama yake na ndilo la kupanda; lenye majani mapana tangu udogoni ni dhaifu, ingawa hupendeza macho.

Kabla ya kupanda, chonga mizizi na udongo wote, mpaka shina la chini libaki jeupe. Ukiona mashimo meusi, ni kazi ya fukusi, usilipande. Lililo safi litumbukize katika maji yachemkayo kwa muda wa nusu dakika, wala usizidishe. Watu hucheka waonapo mtu akipika mche wake, lakini mayai ya fukusi hufa na mche hubaki hai. Shimo liwe la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na madebe mawili ya samadi iliyooza yachanganywe na udongo wa juu.

Sasa tuje kwenye faida. Faida za mgomba ni nyingi mno, nasi twazipita upesi kwa kuwa kila mama azijua: ndizi za kupika na za kuiva, majani ya kufunikia chungu na kufungia vitu, kamba, chakula cha ng'ombe na nguruwe, na majani makavu ya kufunika ardhi isikauke. Kahawa hailiwi. Faida yake ni moja, fedha, lakini fedha hiyo ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za matofali tuzionazo Mbinga na kuwapeleka watoto shule. Hatutaki mtu aidharau.

Ila fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka, na bei yake haitoki Mkumbi. Mwaka 1975 baridi kali iliiua mibuni ya Brazili, na mwaka 1976 na 1977 bei ya dunia ikapanda sana. Mkulima wa Umatengo hakufanya neno jipya lolote. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawanya mauzo yalivunjika, bei ikaanguka. Na mwaka 2001 ilishuka chini kuliko ilivyopata kuwa kwa miaka mingi. Mwaka huo vilevile mkulima alikuwa amepalilia kama kawaida.

Na hapa ndipo penye jambo lililotufanya kuandika. Kahawa huchumwa kuanzia Mei au Juni hata Septemba. Mahindi ya ngoro hayajakomaa mwezi wa Januari na Februari. Katikati ya miezi hiyo, ghala likiwa tupu na ada ya shule ikidaiwa, huja mtu mwenye fedha mkononi, akainunua kahawa ingali changa mtini. Huku Mbinga biashara hiyo huitwa magoma. Tuseme nyumba imepokea shilingi 100,000 mwezi wa Januari kwa ahadi ya kutoa kilo 50 mwezi wa Julai. Ikiwa bei siku ile ni shilingi 5,000 kwa kilo, imetoa mali ya shilingi 250,000 kwa mkopo wa miezi sita. Mwaka ufuatao itaanza ikiwa pungufu zaidi, na Januari yule mtu atarudi, wala hatahitaji kubisha hodi.

Serikali hukataza, lakini katazo halijazi chungu. Mgomba hujaza. Migomba haizai yote pamoja. Yenye mashina ishirini yaliyotunzwa kwa kanuni ya mama, mtoto na mjukuu, nyumba hupata mkungu huu mwezi huu na ule mwezi ujao, hata Januari. Mikungu hiyo haileti utajiri. Lakini baba aliye na chakula cha jioni aweza kumwambia mnunuzi wa magoma angoje mpaka Julai. Twaona hiyo ndiyo faida kubwa ya mgomba kwa mwenye kahawa, nayo haiandikwi katika daftari lolote. Katika nyumba nyingi fedha ya kahawa hushikwa na baba, na ndizi hukatwa na mama. Huenda ndiyo sababu migomba ilisukumwa ukingoni.

Je, migomba ikiingizwa kati ya mibuni, kahawa haitapungua? Ndugu zetu Wachaga wa Kilimanjaro wamechanganya mimea hiyo katika vihamba vyao tangu kahawa ilipofika kwao. Nao wataalamu waliopima mashamba ya Uganda, wakaandika habari zake mwaka 2011, walikuta kahawa iliyo pamoja na migomba haikupungua kwa kiasi cha kutajwa, na mapato ya shamba yalizidi kwa zaidi ya nusu. Mbuni ni mtoto wa msituni. Kivuli chepesi haukichukii. Lakini chepesi, si giza. Kwetu yatosha safu moja ya migomba baada ya kila safu mbili za mibuni, na majani makavu yapunguzwe. Tena mgomba hula sana katika ardhi, hasa ile chumvi ipatikanayo katika majivu. Basi majivu ya jikoni yasitupwe njiani, na shina lililokwisha kuzaa likatwe vipande na kuachwa papo hapo, na maganda ya kahawa yarudishwe chini ya miti.

Neno moja zaidi kwa wapandao. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaingia Tanzania kupitia Kagera. Huchukuliwa na wadudu waendao kwenye ua, na kwa visu vyetu. Chane za mwisho zikiisha kutokea, ondoa kichwa chekundu cha ua kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu. Na panga lililokata mgomba mmoja lipitishwe motoni kabla ya kukata mwingine. Miche isiletwe kutoka mbali hata ikiwa ni zawadi ya shemeji. Mashimo yachimbwe mwezi wa Septemba, samadi itiwe Oktoba, na mvua ya kwanza ya Novemba ikiisha kulowesha udongo mpaka kina cha mkono, miche iingie ardhini.