Kabla ya Kolonoskopia, Usiulize Miaka ya Daktari Peke Yake

Ukiishi Marekani na ukafikisha miaka 45, huenda daktari wako ameshakutajia kolonoskopia. Ni kipimo cha kupitisha mpira mwembamba wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa ili kukagua utumbo mpana. Hawatafuti saratani tu. Wanatafuta hasa vinyama vidogo viitwavyo adenoma, ambavyo baadhi yake hugeuka saratani baada ya miaka mingi. Vingi hukatwa papo hapo, ilimradi daktari amevikuta, na hapo ndipo madaktari wanapotofautiana sana.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kaiser Permanente, kaskazini mwa California, wa kolonoskopia 314,872 za madaktari 136. Wote walikuwa wataalamu wa mfumo wa chakula. Hata hivyo, aliyekuwa chini kabisa alikuta adenoma kwa watu kama 7 katika kila 100 aliowapima, na wa juu kabisa kwa watu zaidi ya 52. Kiwango hicho kikizidi kwa asilimia 1, hatari ya mgonjwa kupata saratani baadaye ilikuwa pungufu kwa asilimia 3.

Uzoefu basi hauna kazi? Unayo. Kuifikisha kamera hadi mwanzo wa utumbo mpana, karibu na kidole tumbo, bila kuutoboa utumbo, ni kazi ya mkono uliozoea, na anayejifunza hukwama njiani. Ila mkono ukishakomaa, miaka peke yake haisemi mengi. Huko Rockford, Illinois, walilinganishwa madaktari 12, wazoefu wote. Waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kuirudisha kamera nje walikuta vinyama kwa asilimia 28.3 ya watu, na waliokuwa na haraka kwa asilimia 11.8. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2006. Ukaguzi wenyewe hufanyika wakati wa kurudi, na utumbo una mikunjo mingi: ni sawa na kutafuta sindano kwenye marinda ya gauni. Upande wa kulia ndio mgumu zaidi, kwa kuwa vinyama vya huko mara nyingi ni bapa na hufunikwa na ute.

Kwa hiyo muulize daktari, bila kuona haya: "Katika kila watu 100 unaowapima, unawakuta wangapi na adenoma?" Mwaka 2024 vyama vya wataalamu wa Marekani vilipandisha lengo hadi watu 35 kwa 100, na muda wa kurudisha kamera hadi wastani wa dakika 8 pale ambapo hakuna cha kukata. Muulize pia ni mara ngapi kamera yake inafika mwisho wa safari, yaani pale mwanzo wa utumbo mpana; lengo ni angalau 95 kwa 100. Anayejipima atakuwa na namba zake. Asiyezijua, au anayekasirika kuulizwa, mimi ningemtafuta mwingine.

Upande wako ni dawa ya kusafisha tumbo. Inachosha, hilo halina ubishi, lakini utumbo wenye uchafu humfunga macho hata bingwa. Mara nyingi nusu hunywewa jioni na nusu saa chache kabla ya kipimo. Hiyo ya pili ndiyo watu huikwepa kwa kuogopa kuamka alfajiri, nayo ndiyo inayosafisha ule upande wa kulia.

Ukimaliza, omba nakala ya ripoti. Itazame kama inasema kamera ilifika mwisho na utumbo ulikuwa safi vya kutosha. Yakiwepo yote mawili, hakuna kilichopatikana, na huna historia ya saratani hii katika familia, kwa kawaida utaambiwa urudi baada ya miaka 10. Likikosekana moja, uliza utarudia lini. Na ukiona damu kwenye choo, au ukipungua uzito bila sababu, nenda hospitali wiki hiyohiyo, hata kama ripoti ya mwaka jana ilikuwa safi.