SOMO LA HESABU: NANI ANATANGULIA?

Chukueni kalamu na karatasi. Somo hili halisomwi kwa macho tu.

Fonksio iko kama mashine ya kusaga: unaingiza namba moja, inatoka moja tu. Fonksio mbili zikifuatana, kile kinachotoka katika moja kinaingia katika nyingine. Hiyo ndiyo komposisio. Tunaandika f∘g, na hapa wengi wanapoteza pointi. f imeandikwa mbele, lakini g ndiyo inafanya kazi kwanza, kwa sababu (f∘g)(x) = f(g(x)). Ile iliyo karibu na x ndiyo inatangulia.

Twende sokoni. Mama mmoja ana faranga 1000. Biashara yake inazaa mara mbili: f(x) = 2x. Takse ni faranga 300: g(x) = x − 300.
Akilipa takse mbele ya kununua vitu: f(g(1000)) = f(700) = 1400.
Akilipa kisha kuuza: g(f(1000)) = g(2000) = 1700.
Feza ni ileile, takse ni ileile, lakini faranga 300 zimepotea njiani. Basi komposisio haiko komutative.

Sasa operasio binere. Inachukua vitu viwili vya kundi moja na kutoa kimoja cha kundi lile lile. Komposisio nayo ni operasio ya namna hiyo. Kwa kila operasio munaulizwa:
1) Iko komutative? a*b = b*a
2) Iko asosiative? (a*b)*c = a*(b*c)

Wengi wanafikiri maswali haya ni mapacha, ukipata moja umepata yote. Hapana! Tuchukue a*b = (a + b)/2. Ukigeuza a na b, jibu ni lile lile. Lakini (2*4)*8 = 3*8 = 5,5, na 2*(4*8) = 2*6 = 4. Iko komutative, haiko asosiative.

Komposisio iko kinyume chake: haiko komutative, lakini iko asosiative. Katika h∘g∘f, weka mabano popote, namba inapita f, kisha g, kisha h. Mwaka 1843, huko Dublin, William Rowan Hamilton alivumbua namba za namna hiyo: i·j = k, lakini j·i = −k.

Mushike neno hili: ili kukataa, mfano mmoja unatosha. Ili kukubali, hata mifano mia haitoshi. Lazima kuhakikisha kwa herufi a, b, c. Tena musijaribu kwa 3*3: ukigeuza 3 na 3, hutaona kitu.

MAZOEZI
1. f(x) = 3x − 1 na g(x) = x². Tafuta (f∘g)(2) na (g∘f)(2).
2. Katika Z, a*b = a + b − 3. Iko komutative? Asosiative? Elementi netre ni gani? Simetriki ya 5 ni gani?
3. Katika Z, a*b = a − b. Maswali mawili ya kwanza ni yale yale.

MAJIBU (mufanye kwanza, kisha mutazame)
1. 11 na 25.
2. Ndiyo; ndiyo, pande zote zinatoa a + b + c − 6; 3; 1, kwa sababu 5*1 = 3.
3. Hapana: 5 − 2 = 3, 2 − 5 = −3. Hapana: (9 − 4) − 2 = 3, 9 − (4 − 2) = 7.

Aliyefahamu amuonyeshe mwenzake mbele ya kufika siku ya egzamen.