Somo kwa Makatibu: Kuifahamu na Kuitunza Saa ya Kwatsi

Ndugu Katibu, katika ofisi nyingi za vyama vyetu vya msingi, kuanzia Kahama na Kishapu hadi vijiji vya Geita, hutundikwa ukutani saa inayotumia betri moja ndogo. Saa hiyo ndiyo huamua mizani ifunguliwe lini, ununuzi wa pamba ufungwe lini, na mkutano ulioitishwa saa nne umefunguliwa saa ngapi kwa mujibu wa muhtasari. Ikikosa majira, mwanachama aliyesukuma baiskeli yenye mzigo wa pamba huambiwa amechelewa ilhali hakuchelewa. Simu ya katibu haiondoi mabishano hayo, kwa kuwa simu huonwa na mwenyewe tu, na saa ya ukutani huonwa na wote. Yafaa basi kuijua, ili fedha za wanachama zisitumike kununua saa mpya kila ya zamani inaposimama.

Neno Quartz lililoandikwa usoni mwa saa ni jina la jiwe, nasi tutaliita kwatsi. Wachimbaji wadogo wa Geita wanalijua: ni lile jiwe jeupe gumu ambalo mishipa yake mara nyingi huambatana na dhahabu. Mwaka 1880 Wafaransa wawili, Jacques Curie na nduguye Pierre, walionyesha kuwa fuwele za mawe ya namna hii zikikandamizwa hutoa umeme. Kinyume chake ni kweli pia: zikitiwa umeme hutikisika. Saa ya kwanza ya kwatsi ilitengenezwa Marekani mwaka 1927, nayo ilikuwa mtambo mkubwa. Ya mkononi ilianza kuuzwa Japani na kampuni ya Seiko mnamo Desemba 1969. Asije mtu akadhani anaweza kuchonga ya kwake kwa jiwe la machimboni. Kwatsi ya saa hukuzwa kiwandani, ikakatwa kwa umbo la uma wenye meno mawili, kisha ikafungiwa ndani ya kikopo kidogo cha madini.

Uma huo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Anayezoea hesabu za daftari na achukue kalamu: agawe 32,768 kwa mbili, jibu aligawe tena kwa mbili, na kuendelea hivyo. Baada ya kugawa mara 15 atabaki na moja. Hiyo ndiyo kazi ya sehemu ya elektroniki ndani ya saa, yaani kugawa mitikisiko hadi ibaki pigo moja la umeme kwa kila sekunde. Pigo hilo hupita katika koili ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, nayo huigeuza sumaku ndogo nusu mzunguko. Sumaku husukuma vigurudumu vya meno, na vigurudumu husukuma mishale.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kwatsi yenyewe haiharibiki kwa urahisi. Saa nzima hukosea sekunde chache hadi nusu dakika hivi kwa mwezi. Kwa hiyo saa yako ikichelewa dakika kumi kwa siku, usilaumu jiwe. Mara nyingi betri imechoka, au kuna uchafu unaovizuia vigurudumu. Dalili ya betri kuchoka huonekana kwa macho: mshale wa sekunde hurukaruka mahali pamoja, hasa kati ya tarakimu 8 na 10, kwa sababu hapo unapanda na nguvu ya kuuinua haitoshi. Baadhi ya saa za mkononi hutoa onyo jingine, mshale ukiruka sekunde nne kwa mara moja.

Kabla ya kumwita fundi, ishushe saa ya ukutani na utoe betri. Tazama vibati vinavyoishika. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri imevuja. Usiuguse unga huo kwa vidole. Lowesha pamba kidogo kwa maji ya limau au siki, sugua kibati mpaka king'ae, kaushe vizuri, ndipo utie betri mpya. Kama bado haiendi, angalia kama mishale imegusana au inagusa kioo. Sisi wa ghala la pamba tuna adui wa ziada: nyuzi laini na vumbi huingia hadi kwenye meno ya vigurudumu. Saa na itundikwe mbali na mizani, na mbali na spika ya redio pia, maana sumaku kali huweza kuusimamisha mtambo mpaka iondolewe.

Saa ya mkononi hutaka mkono mtulivu. Namba iliyo juu ya betri ya zamani ilingane na ya mpya. Usiishike betri kwa kibano cha chuma kinachogusa pande zote mbili, kwani utaimaliza kabla haijafanya kazi. Ncha ya bisibisi isikaribie koili. Waya ukikatika, saa imekufa ingawa kwatsi ni nzima. Fundi mwenye mita ya umeme ataipima koili: isipoonyesha kipimo chochote, waya umekatika. Wala usiifungue saa juu ya meza ambako chuma kimepigwa tupa, maana sumaku ile hukusanya unga wa chuma na kukwama. Yenye tarehe isibadilishwe tarehe kati ya saa tatu na saa tisa za usiku, wakati meno yake yamekwisha kushikana.

Betri za kidonge ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, huweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili. Zilizokwisha zisitupwe motoni.

Kazi ya kikundi: tieni majira saa ya chama kwa kufuata redio, kisha kila asubuhi kwa siku saba mwandike imetofautiana na redio kwa sekunde ngapi. Tofauti ikikua polepole kwa kiasi kilekile, saa ni nzima. Ikirukaruka, leo sekunde mbili na kesho dakika tano, anzeni kwenye betri.