Serikali na Biashara ya Anga za Juu

Mwenye kupita mitaa ya Miyuji, kaskazini mwa jiji la Dodoma, akayainulia macho mapaa ya bati, ataona madishi yaliyoinama upande wa machweo, na mengine yaliyolala chali kama sinia, kwa kuwa setilaiti yanayoitazama imewekwa kwenye longitudo ya 36 mashariki, takriban ile ile ya Dodoma. Mlipia king'amuzi aghalabu hudhani kuwa muamala huu ni baina yake na kampuni tu. Walakini mahali pale, kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, hapakaliwi mpaka serikali fulani iombe nafasi na masafa kwa Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, na Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, katika ibara yake ya 6, umeitwika kila dola dhamana ya vitendo vya makampuni yake huko juu, ambayo sharti yapate idhini na kuangaliwa daima.

Nasi tumekwisha onja mapatano yaliyofungwa na wengine. Mwaka 1960 Uingereza, ambayo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yake, ilikubaliana na Marekani kijengwe Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Na ijapokuwa mwanaanga John Glenn, alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alizungumza na kituo hicho, wananchi wengi walikishuku kuwa ni cha makombora, hata Aprili 1964 serikali ya Mzee Karume ikaamuru kiondolewe. Makombora hayakuwapo, lakini shaka hiyo, kwa maoni yetu, ilikuwa na haki yake.

Linalomgusa raia zaidi ni madhara ya vitu vinavyoanguka kutoka huko juu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma, yenye kipenyo cha meta 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 waiwajibisha dola iliyorusha chombo kulipa fidia ya madhara ya ardhini hata isipozembea, ila dai hupelekwa na serikali kwa serikali, kwa njia ya kibalozi, ndani ya mwaka mmoja. Kanada, iliyoangukiwa Januari 1978 na Kosmos 954, setilaiti ya Kisovieti iliyoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, ilikusanya vipande thelujini, ikadai dola milioni 6 za Kanada, ikalipwa milioni 3 mwaka 1981.

Basi akutaye chuma kigeni katika shamba lake la zabibu asikishike, wala asimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Na ampashe habari mwenyekiti wa mtaa na polisi, ili ushahidi ubaki pale ulipoangukia.