Mvumo Katika Gitaa: Chanzo na Dawa Yake

Muhula uliopita chama chetu kiliamua kurekodi shairi la kughaniwa kwa gitaa, lichezwe siku ya wazazi. Mimi nikapewa kazi ya gitaa na mitambo. Tulipowasha, lo! Ikasikika "mmmmm" nene iliyomeza hata sauti ya mghani. Wengine wakasema gitaa limeharibika. Kumbe sivyo.

Gitaa letu ni la mbao, lenye nyuzi za chuma, na limetiwa pikapu ya sumaku kwenye tundu lake. Pikapu hii si ile ya kubebea mboga! Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika karibu nayo, umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili hiyo, nao ndio hugeuzwa sauti. Shida ni kwamba koili haibagui. Umeme wa nyumbani hapa Kenya hufanya mizunguko 50 kila sekunde, na kando ya nyaya na transfoma zake huwa na nguvu za sumaku. Koili hudaka hizo pia, basi spika ikatuimbia umeme wenyewe.

Nilitafuta chanzo polepole, nikibadilisha kitu kimoja tu kila mara.

Kwanza, niliketi pale pale nikaligeuza gitaa kama mtu atafutaye stesheni ya redio. Upande mmoja mvumo ulizidi, upande mwingine ukafifia. Hapo nikajua unaingia kwa pikapu.

Pili, nilisogea mbali na amplifaya, nikazima taa za tyubu. Mvumo ukapungua sana.

Tatu, nilichomoa chaja ya kompyuta tukarekodi kwa betri. Mkwaruzo uliobaki ukanyamaza. Vyombo viwili vikiwa kwenye soketi za mbali, umeme huweza kuzunguka kupitia waya wa ardhi wa kila kimoja. Ni vyema kuvichomeka pamoja kwenye ekstensheni moja.

Nne, jaribu waya mwingine wa gitaa. Ule wavu wa nje unaoukinga ukikatika, kelele huingia.

Sasa sikilizeni sana. Kabla ya haya yote, rafiki yangu alitaka tukate waya wa ardhi ndani ya plagi ya amplifaya, ule wa kijani na manjano. Eti kwao walikata na mvumo ukaisha. Ni kweli, wakati mwingine huisha. Lakini waya wa moto ukigusa bati la amplifaya, waya huo wa ardhi ndio hufanya fyuzi ikatike. Ukiukata, volti 240 zitakaa kwenye bati na vyuma vya plagi ya gitaa zikimngoja mtu. Tulibishana, nikamwambia: heri mvumo kuliko matanga.

Atakaye dawa ya kudumu atafute pikapu ya koili mbili. Zimepangwa kinyume, mvumo wa moja ukafuta wa nyingine, huku sauti ya nyuzi ikibaki. Seth Lover wa kampuni ya Gibson, Marekani, aliiombea hataza mwaka wa 1955.

Shairi letu tulilirekodi. Ukitega sikio mwishoni, utasikia mvumo kidogo. Si neno, mghani yu hai, nami pia. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.