Mali ya Mke na Sanduku la Kikoba

 

Fahamu, ewe ndugu yangu Mwislamu, ya kuwa somo letu hili ni khabari ya mali ya mwanamke, na mikopo midogo midogo wanayokopeshwa wanawake wa mashamba. Mfano wetu tumeutwaa Moshi na mitelemko ya mlima Kilimanjaro, kwani huko jambo hili limekwisha dhihiri, na mwenye macho huliona.

Dasturi ya Wachaga tangu zamani, katika kihamba kimoja mibuni na migomba huota pamoja, lakini mapato yake hayaendi mfuko mmoja. Kahawa ni ya mume. Ndizi na maziwa ni ya mke. Chama cha ushirika cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933 kuuza kahawa, fedha yake ilipita mikononi mwa wanaume. Mwaka 1988 wanawake wa Nronga, upande wa Machame, walianzisha ushirika wao wenyewe wa kuuza maziwa. Mwaka uliofuata yakavunjika mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa, bei ikaanguka, na nyumba nyingi zikasimama kwa kile kilichokuwa kikidharauliwa: mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa.

Lakini mwanamke yule akitaka mtaji, atauweka rehani nini? Shamba kwa mila hurithiwa na watoto wa kiume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa, walakini mila haiondoki kwa siku moja. Ndipo wanawake wakakusanyika katika vikundi viitwavyo vikoba. Asili ya mpango huu ni nchi ya Niger, mwaka 1991, nao umeenea bara na visiwani. Kila wiki hukutana, kila mmoja hununua hisa zake, fedha hutiwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Mwenye haja hukopeshwa, wenziwe wakiwa ndio dhamana yake. Mwisho wa mwaka sanduku huvunjwa, na kila mtu hupewa kwa kadiri ya hisa zake.

Tazama, ndugu yangu, uaminifu huu na kuchunga wakati. Wengi wao si wa dini yetu. Basi sisi tulioamrishwa katika Suratul Baqara tuandike deni na tushuhudize, je, tunafanya?

Sasa yako mambo matatu ya kuyajua.

La kwanza: mali ya mke ni yake. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratun Nisaa ya kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Bibi Khadija, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa tajiri mwenye misafara yake, na Mtume alisafiri na mali yake kwa kuaminiwa. Lakini wako wanaume humtuma mke akakope kwa jina lake, kisha fedha huitwaa wao. Siku ya kulipa mume hayuko, na mke huuza vyombo vyake ili asiaibike mbele ya wenziwe. Hii ni dhuluma, hata ikiwa imefanywa nyumbani kwa sauti ya chini. Na chakula na mavazi ya nyumba ni juu ya mume, hata mke akiwa tajiri.

La pili: riba. Vikoba vingi hutoza nyongeza juu ya mkopo. Watu husema, "Nyongeza hii tunajilipa wenyewe." Sivyo. Aliyekopa hutoa nyongeza, nayo hugawanywa kwa wote kwa hisa zao, hata kwa asiyekopa. Basi mwingine amekula juu ya haja ya mwenziwe. Wabaya zaidi ni wakopeshaji wa mitaani, ambao mikopo yao watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Mtu akikopa shilingi 200,000 kwa nyongeza ya 10 kwa 100 kila mwezi, kwa miezi mitatu atalipa 60,000 juu ya alizokopa, ameuza au hakuuza.

La tatu: njia ya halali, nayo si ngumu. Sanduku ni lile lile, kufuli zile zile. Watu ishirini wakitoa shilingi 2,000 kila wiki, kwa wiki kumi watakuwa na 400,000. Wampe mmoja wao 200,000 kwa mudharaba, akanunue ndizi soko la Mwika akauze Moshi mjini. Akipata faida 60,000, nao wamepatana nusu kwa nusu, 30,000 zake na 30,000 za sanduku. Ikiwa hasara pasipo uzembe wake, sanduku limepoteza mali naye amepoteza taabu yake. Na mwenye ugonjwa au msiba hupewa karadha njema, alipe alichokopa tu. Akiwa na dhiki, hupewa muhula.

Suala: Upatu wa kupokezana, ambao kila mtu hutoa sawa na kupokea sawa, je, wafaa?
Jawabu: Wanavyuoni wengi wameujuzisha, kwa kuwa hamna nyongeza.

Suala: Je, kikundi kiandikishwe serikalini?
Jawabu: Naam. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yavitaka vikundi hivi viandikishwe, na maandishi ni kinga ya mali.

Enyi ndugu zetu wa pwani! Tusiwacheke wanawake wa mlimani kwa vijisanduku vyao, hali dada zetu hapa wamenyimwa mafungu yao ya urithi ambayo Mungu mwenyewe ameyapima. Anayetaka kumsaidia mwanamke kwa mtaji, na aanze kwa kumrudishia kilicho chake.

Wabillahi taufiki.