SIKIO LINALOTOA USAHA

Wazazi wa Karatu na Ngorongoro hutuletea watoto wanaotokwa na usaha sikioni kwa miezi, hata miaka. Wengi hudhani ni jambo la kawaida. Sivyo! Usaha ukizidi wiki 2, huenda ngoma ya sikio imetoboka. Mtoto hasikii vizuri darasani, naye huitwa mtukutu bure.

Tufanye nini?

1. Sokota kitambaa safi cha pamba, kiweke sikioni kinyonye usaha, kitoe, weka kingine hadi kitoke kikavu. Kisha tia matone uliyopewa hospitali.
2. Usitie maziwa, mafuta wala dawa za majani.
3. Maji yasiingie sikioni.

Tundu lisipojiziba, madaktari bingwa wa masikio, kama wale wa KCMC Moshi, huliziba kwa utando mwembamba wa mgonjwa mwenyewe, utokao kwenye msuli ulio juu ya sikio. Ugonjwa ukiingia katika mfupa wa nyuma ya sikio, mfupa huo husafishwa kwa upasuaji. Kwa uziwi mkubwa wa sikio la ndani, Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, uso kupinda, homa kali au kichwa kuuma sana, usingoje kesho. Ubongo uko jirani.